Kwa nini PDF ya MB 8 inakataliwa kwenye imeili yenye kikomo cha MB 10

Leo naomba mnivumilie, mada ni ndefu kidogo. Lakini jambo hili liliniuma mfukoni, kwa hiyo sitaki limuume mwingine humu.

Mwaka jana nilipata mteja ambaye sisi wauza mashuka tunamwombea usiku na mchana: hoteli. Waliona picha zangu Instagram, wakanipigia. Wanataka mashuka 60 na taulo zake. Dada wa manunuzi akaniambia, "Kaka, tutumie katalogi na bei kwa imeili leo kabla ya saa kumi, bosi anapitisha kesho asubuhi." Nikamuuliza kama naweza kutuma WhatsApp. Akasema hapana, kwao kila kitu kinapita kwenye imeili, na faili lisizidi MB 10.

Nikaangalia PDF yangu: MB 8. Safi kabisa. Nikatuma, nikaenda zangu Kariakoo kuulizia bei ya jumla huku nikipiga hesabu ya faida kichwani.

Jioni nafungua simu nakuta imeili ngeni, aliyetuma anaitwa Mailer-Daemon. Mimi macho yangu yakasoma "demon". Juu kuna Kiingereza kingi na namba 552, halafu chini kuna herufi zimejipanga hivi:

JVBERi0xLjQK...

Na zinaendelea ukurasa hadi ukurasa, hazina neno, hazina nafasi. Nikajua tayari nimehakiwa. Nikaifuta ile imeili haraka, nikabadilisha nywila zote, usiku sikulala vizuri. Kesho yake saa tano nampigia yule dada, ananiambia, "Kaka, tulisubiri hatukuona kitu, oda kapewa mwingine."

Kumbe hakuna aliyenihaki. Mailer-Daemon ni programu tu ya posta ya imeili, kazi yake kukurudishia barua iliyoshindwa kufika. Ile namba 552 ilikuwa inaniambia mzigo umezidi kipimo. Na zile herufi za ajabu zilikuwa katalogi yangu mwenyewe, ikiwa imefungashwa kwa safari.

Mimi niliishia kidato cha nne, na hesabu haikuwa rafiki yangu. Lakini baada ya pale nilikaa chini nikajifunza hili jambo mpaka likaeleweka. Twende pamoja.

IMEILI NI BASI LENYE MASHARTI YA ZAMANI

Ukitaka kumtumia mteja wa Mbeya vikombe kwa basi, huviweki kwenye buti vikiwa vitupu. Unavifunga magazeti, unaweka kwenye boksi, unapiga gundi. Vikombe vilikuwa kilo tano, ukifika kwenye mizani ni kilo sita na kitu. Na unalipia hizo zote.

Imeili nayo iko hivyo hivyo. Kanuni za kusafirisha imeili zilizochapishwa mwaka 1982 zilitengenezwa kubeba maandishi ya Kiingereza tu: A mpaka Z, namba, nukta na alama chache. Hesabu yake ni hii. Kompyuta inaandika kila kitu kwa namba. Kwenye mpangilio ule wa zamani uitwao ASCII kuna namba 128 tu, kuanzia 0 hadi 127, na kila moja inatosha kwenye biti 7 (biti ni ile 0 au 1).

Sasa picha ya shuka lako haijaandikwa kwa namba 128. Picha, PDF, sauti na video vinatumia baiti, na baiti moja ina biti 8, yaani namba 0 hadi 255. Ukiipakia hivyo ilivyo kwenye basi la biti 7, mitambo mingine ya zamani ilikuwa inaikata ile biti ya nane. Nyingine ilikutana na namba fulani ndani ya picha ikadhani ni amri ya kumaliza mstari. Picha inafika imekufa.

Watu wakatafuta namna ya kufungasha. Mwaka 1980 Mary Ann Horton, akiwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitengeneza programu ya uuencode ya kugeuza faili kuwa maandishi ya kawaida ili lipite. Ilisaidia sana, ila mara nyingi anayepokea alilazimika kulifungua mwenyewe kwa programu nyingine. Baadaye Nathaniel Borenstein na Ned Freed wakaandika utaratibu uitwao MIME, uliochapishwa Juni 1992, ambao unaifanya programu ya imeili ifunge na kufungua yenyewe. Tarehe 11 Machi mwaka huo huo Borenstein alishatuma imeili yenye picha ya kikundi chake cha kuimba pamoja na sauti yao wakiimba. Kila ukibonyeza kile kialama cha pini ya karatasi kuambatisha faili, unatumia kazi ya watu hawa.

BOKSI LENYEWE LINAITWA BASE64

MIME inafungasha viambatisho kwa njia iitwayo Base64. Jina linatokana na herufi 64 zinazotumika: A hadi Z kubwa (26), a hadi z ndogo (26), 0 hadi 9 (10), halafu + na /. Jumla 64. Zimechaguliwa kwa sababu karibu kila mtambo unazijua na hauzichezei.

Kila herufi ina namba yake. A ni 0, Z ni 25, a ndogo ni 26, z ndogo ni 51, tarakimu zinachukua 52 hadi 61, + ni 62 na / ni 63.

Kazi inakwenda hivi: inachukua baiti tatu za faili lako, ambazo ni biti 24. Inazigawa mafungu manne ya biti 6. Kila fungu linapewa herufi yake. Basi. Zinaingia tatu, zinatoka nne.

Tujaribu na neno "Mia".

M ni 77, kwa biti 01001101
i ni 105, kwa biti 01101001
a ni 97, kwa biti 01100001

Ziunganishe, kisha zikate sita sita:

010011 | 010110 | 100101 | 100001

Hizo ni 19, 22, 37 na 33. Rudi kwenye orodha: 19 ni T, 22 ni W, 37 ni l ndogo, 33 ni h ndogo. Kwa hiyo "Mia" ikifungashwa inakuwa TWlh. Kufungua ni kurudi kinyumenyume, biti kwa biti, na unapata "Mia" ile ile bila kupungua kitu.

Je, herufi zisipogawanyika kwa tatu? Chukua "Duka", zina nne. "Duk" inakuwa RHVr, halafu "a" inabaki peke yake. Inajaziwa sifuri na kuwa YQ, kisha inawekewa alama mbili za sawasawa kujaza nafasi: RHVrYQ==. Kwa hiyo ukiona maandishi marefu yasiyosomeka yanayoishia na = au ==, kuna uwezekano mkubwa ni Base64.

HESABU YA KUKUMBUKA: ZIDISHA KWA 1.37

Hapa ndipo oda yangu ilipofia.

Zikiingia tatu zikatoka nne, mzigo umeongezeka theluthi moja. Halafu MIME haitaki mstari uzidi herufi 76, na kila mwisho wa mstari kuna herufi mbili za kushuka chini ambazo huzioni. Mstari mmoja kwa hiyo ni 78 kwa ajili ya baiti 57 tu za faili lako. Gawanya 78 kwa 57, unapata kama 1.37.

PDF yangu MB 8 × 1.37 = karibu MB 11. Kikomo cha mtambo wa hoteli kilikuwa MB 10, na mitambo mingi inapima boksi zima likiwa limeshafungwa. Yule dada hakunidanganya. Na mimi sikukosea kusoma saizi. Tulikuwa tunapima vitu viwili, mimi vikombe, mtambo boksi.

Andika hizi sehemu utakayoziona:

Kikomo cha MB 10: faili lisizidi MB 7
Kikomo cha MB 20: lisizidi MB 14
Kikomo cha MB 25: lisizidi MB 18

Gmail wanasema kikomo chao ni MB 25, na ukizidisha wanaligeuza faili kuwa linki ya Drive. Lakini kumbuka hicho ni kikomo cha upande wako. Mteja wako ana mtambo wake na kikomo chake, na kidogo zaidi kati ya hivyo viwili ndicho kinachoamua.

Cha kufanya ukiona umezidi:

1. Punguza picha KABLA ya kuziweka kwenye katalogi. Kwa mtu anayeangalia kwenye skrini, picha yenye upana wa pikseli 1080 inatosha. Picha ikitoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa MB 4 peke yake.

2. Usitegemee kuzipu. Picha za JPEG zimeshabanwa tayari, na PDF iliyojaa picha ni hivyo hivyo. Ukizizipu utaokoa kidogo sana.

3. Weka faili kwenye Drive utume linki. Hakikisha umeruhusu kila mwenye linki kuona, kisha ijaribu kwenye simu ya mtu mwingine. Usiombe mteja akuombe ruhusa, hatarudi.

4. Gawanya mara mbili: "Katalogi sehemu ya 1" na "sehemu ya 2".

5. Ukishatuma, subiri dakika tano uangalie inboksi. Imeili iliyokataliwa kwa saizi mara nyingi inarudi haraka. Namba 552 au 5.3.4 maana yake mzigo umezidi. Halafu mpigie mteja umuulize kama imefika. Mimi simu moja ya dakika moja ingeniokolea mashuka 60.

BOKSI SI KUFULI

Sehemu hii ndiyo naomba usiiruke hata kama umechoka kusoma.

Base64 inaonekana kama siri. Haisomeki, ina herufi kubwa na ndogo zimechanganyika. Ila haina ufunguo wala nywila. Ile orodha ya herufi 64 ni ya wazi dunia nzima, na umeona tumefungasha "Mia" kwa kalamu na karatasi. Boksi la basi, yeyote mwenye wembe analifungua.

Kuna kijana alinitengenezea fomu ya oda mtandaoni. Akaniambia, "Kaka usijali, majina na namba za wateja wako zinahifadhiwa kwa kodi za siri." Nikaamini, nikalipa. Baada ya kujifunza haya nikafungua ile orodha, nikakuta vitu vya namna hii:

SnVtYQ==

Angalia mwisho wake: YQ==. Tumeshaiona kwenye "Duka", ni ile "a" iliyobaki peke yake. Nikafungua herufi za mbele nikapata "Jum". Juma! Kwa sekunde chache nikafungua majina, namba za simu na mitaa ya wateja wangu wote. Na kama mimi nimeweza, yeyote atakayefika kwenye ile orodha ataweza.

Hapa Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, mteja aliyekupa namba yake alikuamini wewe. Kwa hiyo fundi akikwambia data "zimefichwa", muulize swali moja: ufunguo uko wapi na nani anao? Akikosa jibu, zimefungashwa tu, hazijafungwa.

Wenzetu wa Kenya mliounganisha maduka yenu na M-Pesa kupitia Daraja, hii inawahusu moja kwa moja. Lile neno la siri linalotumwa kwenye ombi la STK linatengenezwa kwa kuunganisha namba yako ya biashara, ufunguo wako wa siri, na tarehe na saa, kisha vyote vinafungwa Base64. Ukikwama ukapiga skrinishoti ukaiweka kwenye grupu kuomba msaada, mtu anafungua, anatoa namba ya biashara mbele, anatoa tarehe na saa nyuma, na kinachobaki katikati ni ufunguo wako. Ziba hiyo sehemu kabla ya kutuma picha.

Na picha ya kitambulisho cha mteja uliyoiambatisha kwenye imeili? Nayo iko kwenye boksi tu. Kama huna sababu ya kuitunza, ifute.

UKIKUTANA NA HERUFI ZA AJABU

Siku hizi utaziona kwa nadra: imeili iliyorudishwa kama yangu, mtambo wa mteja ulioharibu vichwa vya imeili, au programu ya zamani. Usiogope, na usifute. Angalia mwanzo wake, kwa sababu aina nyingi za faili huanza na baiti zilezile, kwa hiyo hata maboksi yake huanza na herufi zilezile:

JVBERi0 ni PDF
/9j/ ni picha ya JPEG
iVBORw0KGgo ni picha ya PNG
UEsDB ni zipu, na pia faili za Word na Excel za siku hizi
TVqQ ni programu ya Windows

Hiyo ya mwisho ikariri. Mtu akikutumia "risiti ya malipo" au "picha ya bidhaa ninayotaka" halafu ndani inaanza na TVqQ, hiyo si risiti wala picha. Ni programu inayotaka kuingia kwenye kompyuta yako. Kwenye Gmail ya kompyuta unaweza kuangalia: bonyeza vidoti vitatu pembeni ya imeili, chagua kuona ujumbe ulivyo asili, shuka hadi kwenye kiambatisho. Ukiona faili limezipiwa na humjui aliyetuma, liache.

Ukitaka kufungua mwenyewe, kopi zile herufi tu uziweke kwenye faili liitwe mzigo.txt. Kwenye Windows fungua ule ukurasa mweusi wa amri, andika:

certutil -decode mzigo.txt katalogi.pdf

Kwenye Mac au Linux:

cat mzigo.txt | base64 --decode > katalogi.pdf

Kuna tovuti nyingi zinazofungua Base64 bure, ila usibandike humo invoisi au taarifa za mteja. Hujui nani anabaki na nakala.

NA ILE KESI YA NG'OMBE

Rafiki yangu anauza sendozi za ngozi. Kila akituma bei kwa imeili, wateja wengine wanaona "ngozi ya ngâ€™ombe", na mmoja aliona "ng=E2=80=99ombe". Akawa anaonekana hajui kuandika.

Kosa halikuwa lake. Word hubadilisha kile kialama kilichonyooka cha ng' kuwa kilichopinda. Kilichopinda hakimo kwenye zile namba 128, kwa hiyo kinaandikwa kwa baiti tatu: E2, 80, 99. MIME ina njia ya pili ya kufungasha, ya maandishi, ambayo inaacha herufi za kawaida zilivyo, na zile ngeni inaziandika kwa alama ya = na tarakimu zake. Programu ya mteja isipofungua, anaona =E2=80=99. Ikifungua lakini ikasoma kwa mpangilio wa herufi usio sahihi, anaona â€™.

Dawa: andika bei zako moja kwa moja kwenye imeili badala ya kukopi kutoka Word, au badilisha kialama kiwe kilichonyooka. Kama una fundi wa tovuti, mwambie imeili zote za oda zitoke kwa UTF-8. Sisi tunaouza ng'ombe, ng'anda na vyungu vya kung'aa tunahitaji hilo kuliko Waingereza.

TUMALIZIE

Ukisahau yote, baki na haya matatu. Faili kwenye imeili linanenepa, zidisha kwa 1.37 kabla ya kutuma. Herufi zisizosomeka si lazima ziwe virusi, zinaweza kuwa mzigo wako mwenyewe. Na boksi si kufuli, kwa hiyo usimwambie mteja taarifa zake ziko salama kwa sababu tu wewe huwezi kuzisoma.

Ile hoteli sikuipata tena. Lakini mwezi wa pili baadaye kuna shule ya bweni waliniomba katalogi kwa imeili. Nikapunguza picha, PDF ikawa MB 3, nikatuma, nikapiga simu. "Imefika kaka, tunaifungua sasa hivi." Nikashukuru Mungu, nikaenda kutafuta boksi.

Kama umewahi kurudishiwa imeili na hukuelewa namba yake, iandike kwenye komenti (ziba majina na anwani), tusaidiane kuisoma. Na mtumie mwenzako anayetegemea oda za maofisini.